Mgeni wa masika: uza, lakini piga hesabu kwanza

Kuanzia Machi hadi Mei, masika inaponyesha Karatu, watalii hupungua na hoteli nyingi hushusha bei. Kwa mkulima wa Mbulumbulu hii ni miezi ya jembe, fedha zikiwa haba.

Hata hivyo, wapo wageni wachache wanaokuja kutembea kwa miguu katika msitu wa Ngorongoro, ule ule unaopakana na mashamba ya Mbulumbulu. Njia inayojulikana zaidi hupita kwenye mapango ambako tembo huchimba udongo wenye chumvi, hadi maporomoko ya Endoro. Masika maji ni mengi, lakini njia huteleza. Mgeni hulipia kiingilio na husindikizwa na askari, kwani nyati na tembo wamo.

Mwanakijiji anaweza kuwauzia chakula na asali, au kuwakodishia mabuti. Je, naye ashushe bei?

Tuseme unapikia wageni wanne kwa shilingi 10,000 kila mmoja. Unapata 40,000. Vyakula, kuni na usafiri vikigharimu 25,000, faida ni 15,000. Ukishusha hadi 7,000, unapata 28,000 na faida inabaki 3,000. Punguzo la asilimia 30 limekula asilimia 80 ya faida!

Hoteli hushusha bei kwa sababu chumba kitupu hakiingizi kitu. Wewe gharama yako ni chakula chenyewe. Basi usishushe bei ovyo. Pika kwa oda iliyolipiwa kianzio jana yake.