Miwa, meli na vibarua: Hawaii ilivyoingia mikononi mwa Marekani

Tumepokea ujumbe wenye swali zuri: Hawaii ni visiwa vilivyo karibu kilomita 4,000 kutoka pwani ya Marekani, imekuwaje jimbo la nchi hiyo? Hewani muda ulituishia, tunajibu hapa.

Hawaii ilikuwa ufalme huru. Huko Marekani viwanda vilikuwa vikiongezeka, na miji ikijaa wahamiaji kutoka Ulaya waliokuja kuvifanyia kazi. Midomo ikiongezeka, sukari nayo inatakiwa. Mwaka 1875 nchi hizo mbili zilikubaliana sukari ya Hawaii iingie Marekani bila ushuru. Wenye mashamba, wengi wao wa asili ya Marekani, wakapanua miwa.

Anayelima miwa anajua inavyotaka mikono. Wenyeji walikuwa wamepungua mno kwa magonjwa yaliyoletwa na wageni, hivyo vibarua wakaletwa kwa meli kutoka China, Japani na Ureno. Walifungwa kwa mikataba, na aliyetoroka shamba alishtakiwa.

Mwaka 1890 Bunge la Marekani likafuta ushuru wa sukari mbichi ya nchi zote na kuwapa ruzuku wakulima wa ndani. Nafuu ya Hawaii ikaisha. Januari 1893 wafanyabiashara na mawakili wakampindua Malkia Liliuokalani, huku askari wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wameshuka Honolulu. Lakini tusiseme ni sukari tu. Baadhi ya wenye mashamba walisita kuungana, maana sheria za Marekani zilikataza kuingiza vibarua wa mkataba.

Wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1897 saini zaidi ya 21,000 zilipelekwa Washington kupinga, na mkataba wa kuungana ukakwama katika Seneti. Waliotaka visiwa hivyo wakatumia hoja ya wahamiaji: Wajapani wamekuwa wengi, tusipovichukua sisi, Japani itavichukua.

Kilichomaliza ubishi ni vita na Hispania mwaka 1898. Meli za Marekani zilizokwenda Ufilipino zilihitaji mahali pa kujaza makaa ya mawe njiani. Julai mwaka huohuo Bunge likapitisha azimio la kuitwaa Hawaii, ambalo lilihitaji kura chache kuliko mkataba. Wenyeji hawakupigiwa kura yoyote.

Vibarua? Mwaka 1900 sheria ya Marekani ilifuta mikataba yao, na mwaka huohuo migomo ikazuka mashambani.