Pilipili Yenye Harufu ya Ndimu katika Bustani za Kisangani

Watu wengi wakitaja pilipili hukusudia ukali tu, na mwenye kuulizia habari zake sokoni huuliza kama inawasha au haiwashi, kana kwamba hakuna jambo jingine la kutazamwa katika tunda hilo. Walakini wakaao Kisangani, katika jimbo la Tshopo, wanayo milangoni mwao pilipili ambayo ukali wake, ingawa ni mkubwa, si sifa yake iliyo bora. Ni ile pilipili fupi, nene, yenye makunyanzi, ianzayo kijani na kuishia njano au nyekundu, ambayo watu wa Unguja na Mrima huiita pilipili mbuzi, na wataalamu wa mimea huiita Capsicum chinense. Ipasuliwe ikiwa imeiva mtini, na kabla ulimi haujaguswa pua hupata harufu ya ganda la ndimu lililotoka kukwaruzwa, pamoja na utamu wa tunda bivu. Harufu hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, maana naona aghalabu hupotezwa bure na watu walio nayo tele.

Asili ya pilipili hii ni Amerika ya Kusini, katika nchi za bonde la mto Amazon, wala Afrika haikuijua kabla ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Si ajabu basi kwamba ilipofika katika bonde la mto Kongo ilistawi bila kubembelezwa. Kisangani iko takriban nusu digrii kaskazini ya ikweta, katika mwinuko wa mita 400 hivi. Joto lake halitoki mbali na nyuzi 25 mwaka mzima, na mvua yake hupita milimita 1,600 kwa mwaka. Mahali kama hapo mmea wa pilipili haukai msimu mmoja ukafa, bali huwa kichaka, ukazaa miaka miwili, au hata zaidi.

Inafaa kufahamu kwamba ukali na harufu ni vitu viwili mbalimbali, vyenye tabia zisizofanana. Ukali hutokana na kapsaisini, dutu nzito isiyopaa hewani, isiyoyeyuka katika maji ila kwa shida, wala haiharibiwi upesi na moto wa jikoni. Ndiyo sababu pilipili iliyokaushwa, ikasagwa, ikakaa miezi dukani, huwasha vile vile. Harufu ya ndimu, kwa upande wake, hutokana na mkusanyiko wa dutu nyepesi zipaazo, ambazo huanza kutoroka tangu tunda lipasuliwe, na hupungua sana kwa siku chache za jua au kwa kuchemshwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi. Mwenye kununua unga wa pilipili, basi, amenunua moto pasipo manukato. Na mwenye kuyataka manukato hana budi kulichuma tunda lenyewe, likiwa bivu, saa ile ile anayopika. Kwa hiyo nasema kwamba pilipili ya namna hii haina mahali panapoifaa kuliko nyuma ya jiko la mwenyewe, ndani ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba, iwe ni mtaa wa Makiso au Mangobo, au ng'ambo ya mto kule Lubunga.

Kuipanda si kazi ngumu, lakini yataka subira mwanzoni, kwa kuwa mbegu zake ni nzito kuota na huweza kukaa wiki mbili au tatu chini ya udongo pasipo kuonyesha dalili yoyote. Zimwagwe katika kitalu kilichoinuliwa, chini ya kivuli chepesi cha makuti, kwa sababu mvua za Kisangani zikipiga moja kwa moja huzifukua; na miche ikishapata majani sita ya kweli ihamishiwe mahali penye jua, baina ya mmoja na mwingine pakiachwa zaidi ya nusu mita. Udongo wa huku, kwa wingi wa mvua, umeoshwa rutuba yake na una uchachu, hivyo samadi iliyooza vizuri na majivu kidogo ya jikoni huufaa sana. Samadi isizidi kiasi, lakini: mmea ulioshibishwa kupita kadiri huvaa majani mazuri ya kupendeza macho, nao usizae.

Adui wa kuogopwa kuliko wote ni mnyauko uletwao na bakteria wakaao ardhini. Mmea ulio kijani kabisa hulegea ghafla mchana, hurejea kidogo jioni, kisha siku chache baadaye hufa. Mwenye shaka na akate kipande cha shina karibu na ardhi, akitumbukize ncha yake katika gilasi ya maji safi, akitazame pasipo kuitikisa: ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache ataona nyuzi nyembamba nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka katika kidonda cha shina. Mmea huo hauna dawa. Ung'olewe pamoja na mizizi yake uchomwe, na mahali pale pasipandwe pilipili, nyanya wala bilinganya kwa miaka kadhaa, bali mahindi. Mwenye parseli ndogo, asiye na mahali pa kuhamia, atumie ndoo kuukuu zilizotobolewa chini na kujazwa udongo mpya.

Tuje jikoni. Likipasuliwa tunda kwa urefu, ndani yake huonekana utando mweupe ulioshika mbegu, na kwa mwenye macho makali, vitone vidogo vya rangi ya njano juu ya utando huo. Humo ndimo kapsaisini inamotengenezwa. Mbegu zenyewe hazina ukali wa asili, ila ule uliozigusa. Harufu imo kwa wingi katika nyama ya tunda. Basi mpishi akiukwangua utando kwa ncha ya kisu, akaacha ganda, hubakiwa na sehemu kubwa ya manukato na ukali unaochukulika hata na watoto wakubwa. Aliyezidiwa asikimbilie maji, kwani hayaiondoi kapsaisini ulimini. Maziwa, au chochote chenye mafuta, hufaa zaidi. Na mikono ipakwe mafuta ya kupikia kwanza, ndipo ioshwe kwa sabuni.

Sidhani kuna upishi uliotengenezewa pilipili hii kuliko liboke. Samaki wa Wagenia, wale wavuao kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye magogo katikati ya maporomoko ya Boyoma, hukatwa vipande, hutiwa chumvi, kitunguu, nyanya na maji ya ndimu, pamoja na vipande vyembamba vya pilipili isiyo na utando. Kisha hufungwa katika majani mapana ya msituni yaliyopitishwa juu ya moto yakalainika, na kuwekwa juu ya makaa kwa muda wa nusu saa hivi. Kwa kuwa majani yamefungwa barabara, mvuke hauna njia pana ya kutokea, na ile harufu nyepesi ambayo ingepotea katika sufuria wazi hurudi ndani ya nyama ya samaki. Fundo likifunguliwa mezani, kinachotangulia kumfikia mlaji ni ndimu, ilhali ndimu yenyewe iliyotiwa ni kidogo.

Sombe ni kinyume chake, maana majani ya muhogo hayana budi kuchemshwa sana ili yawe salama, na pilipili iliyotiwa tangu mwanzo huachia ukali wake wote na kupoteza sifa yake yote. Ingojee mpaka chakula kimekaribia kuiva. Hapo pilipili nzima, pamoja na kikonyo chake, ilazwe juu, chungu kifunikwe dakika kumi, kisha itolewe kabla haijapasuka. Kwa lituma, ndizi zile zilizochemshwa na kupondwa, yatosha pilipili mbichi iliyotwangwa na chumvi na ndimu.

Mti ukizaa kupita mahitaji, nisingeshauri kukausha juani, kwa kuwa unyevu wa Kisangani huleta ukungu kabla tunda halijakauka, na ukungu huo waweza kuwa na sumu. Afadhali achari ya pwani: pilipili zilizopasuliwa, chumvi nyingi, na maji ya ndimu ya kuzifunika kabisa katika chupa iliyochemshwa. Mbegu za kupanda zichukuliwe katika tunda lililoivia mtini, kwenye kichaka kilicho mbali na pilipili za namna nyingine, maana nyuki huchanganya mbelewele na watoto wakatoka wasiofanana na mama yao. Zianikwe kivulini, zitiwe katika chupa kavu pamoja na mchele uliokaangwa ukapoa, ambao hunywa unyevu, na zipandwe kabla ya mwaka wa pili kwisha.