Toleo la rununu la tovuti lisizimwe kiholela

MSOMAJI anayefungua ukurasa mmoja kwa rununu na kwa tarakilishi huenda akauona kwa sura mbili tofauti. Kwenye rununu picha huwa chache na menyu hufichwa. Kwenye tarakilishi kila kitu hutandazwa. Aghalabu tofauti hiyo hutokana na uamuzi wa mwenye tovuti.

Kivinjari kinapoomba ukurasa, hujitambulisha kwa seva. Iwapo mwenye tovuti ameruhusu toleo la rununu, seva hutambua kuwa mgeni anatumia simu, ikampelekea kurasa nyepesi ambazo mara nyingi anwani yake huanza kwa herufi "m". Toleo hilo likizimwa, wageni wote hupewa ukurasa mmoja, na kama haukuundiwa skrini ndogo, mwenye simu hulazimika kuukuza kwa vidole ili ausome. Kwa Mkenya anayenunua bando la shilingi chache, ukurasa mzito ni gharama.

Hata hivyo, kupunguza uzito kuna hatari yake. Mnamo 2016, Google ilitangaza mpango wa kutumia toleo la rununu kuorodhesha tovuti, na 2023 ikakamilisha zoezi hilo. Hivyo basi, shule inayoweka tangazo la karo kwenye toleo la tarakilishi pekee yaweza kulikosa hata katika matokeo ya utafutaji.

Kulizima toleo la rununu kunafaa pale tovuti inapofuata mbinu iliyopewa jina na Ethan Marcotte mwaka wa 2010, ambapo ukurasa mmoja hujipanga upya kulingana na upana wa skrini. Hapo hakuna haja ya kuhariri nakala mbili. Lakini kabla ya kuzima, sharti kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa unaolingana nayo. La sivyo, viungo ambavyo watu wamehifadhi au kutumiana kwa WhatsApp havitafunguka.

Msomaji naye ana uwezo wa kuchagua. Kwenye Chrome ya simu za Android, hubonyeza vitone vitatu pembeni na kuteua sura ya tarakilishi, hasa fomu inapokataa kujazwa. Akiondoa alama hiyo, sura ya rununu hurejea.

Ni busara basi mwenye tovuti aifungue kwa simu ya bei nafuu kabla ya kuamua.