Ute Unaoziba Chujio la Majitaka (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwamba utando wa kuchujia majitaka una matundu madogo kuliko bakteria: maji hupita, vijidudu hubaki. Leo tuwaangalie hao wanaobaki, maana hawakai bure.

Aliyewahi kuvuka mto Ruhuji pale Njombe kwa miguu anajua mawe yanavyoteleza. Utelezi ule ni makazi ya bakteria, na kwenye utando hujengwa vivyo hivyo. Kwanza protini na sukari zilizomo kwenye majitaka hujipaka juu yake. Bakteria hushika hapo, huzaliana, kisha hutoa ute unaowagandisha pamoja na kuwakinga dhidi ya dawa. Matundu yakizibwa, pampu huvuta kwa shida, umeme huliwa, na maji hayatoki.

Baridi huzidisha taabu hiyo, na hapo ndipo Njombe na Makambako zinapotofautiana na Dar es Salaam. Maji ya nyuzi 15 ni mazito kuliko ya nyuzi 30 kwa takriban asilimia 40, hivyo kwa msukumo ule ule yanayopenya hupungua kwa karibu asilimia 30. Isitoshe, kwenye baridi bakteria huchelewa kumeng'enya uchafu, na mara nyingi ute huongezeka. Mtambo uliopigiwa hesabu kwa joto la pwani utazidiwa huku ifikapo Juni.

Tiba zipo. Hewa hupulizwa kutoka chini ili kuukung'uta utando, maji safi husukumwa kinyumenyume, na mara kwa mara huoshwa kwa klorini, ile ile ya kufulia nguo nyeupe. Ikizidi, klorini huula utando wenyewe. Huko Seoul, Korea Kusini, kundi la Profesa Chung-Hak Lee lilionyesha mwaka 2009 kwamba kuvunja kemikali ambazo bakteria hupashana nazo habari huchelewesha kuziba.

Kwa maoni yangu, miji yetu, ambako nyumba nyingi zingali zinategemea vyoo vya shimo na magari ya kunyonya, ianze na mabwawa ya majitaka. Baridi itayadai eneo kubwa zaidi, lakini hayana utando wa kuosha. Nawe mwenye hoteli au kiwanda cha maziwa unayeuziwa mtambo wa utando, kabla ya kutia saini mwulize muuzaji: mwezi wa Julai utapitisha lita ngapi kwa saa, na nani atauosha?