Rangi nyeusi inaokoa chaji? Inategemea kioo cha simu yako

Swali hili limetufikia kwa ujumbe mfupi: mtu anayelipia kuchaji simu dukani, akiweka mandhari meusi, chaji itakaa zaidi? Kwa simu fulani ndiyo, kwa nyingine hapana.

Simu yenye kioo cha LCD ina taa nyuma ya kioo. Picha ikiwa nyeusi, taa bado inawaka. Mwanga wake umezibwa tu, kama ukivuta pazia dirishani bila kuzima taa ya chumbani. Chaji inaliwa vilevile.

Kioo cha OLED hakina taa hiyo. Kila nukta inajiwakia yenyewe, kwa tabaka nyembamba sana za kemikali zenye kaboni, ndugu wa plastiki. Plastiki tumezoea kuiona ikivikwa kwenye nyaya ili tusipigwe na umeme. Lakini mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kuwa aina moja ya plastiki, ikitiwa iodini, hupitisha umeme. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walieleza jinsi tabaka kama hizi zinavyotoa mwanga: elektroni zinaingia upande mmoja, nafasi zilizoachwa wazi na elektroni zinatokea upande wa pili, na zikikutana, nguvu yake hutoka kama mwanga. Nukta nyeusi haipewi umeme. Imezimwa.

Unaokoa kiasi gani? Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilipima mwaka 2021 kwenye simu za OLED. Mwanga ukiwa juu kabisa, mandhari meusi yalipunguza matumizi kwa asilimia 39 hadi 47. Mwanga ukiwa wa wastani, asilimia 3 hadi 9 tu. Kwa hiyo faida utaiona zaidi ukiwa juani.

Kujua kioo chako, ingia chumba chenye giza, fungua picha nyeusi tupu. Kikitoa weupe hafifu, ni LCD. Kikipotea kabisa gizani, ni OLED.

Kemikali hizi haziwezi hewa wala unyevu. Kioo cha OLED kikipasuka na doa jeusi likaanza kutambaa, hamisha picha na namba zako mapema, kesho huenda usione kitu. Na kabla fundi hajabadilisha, muulize anaweka kipi: baadhi ya vioo vya bei nafuu ni LCD, na hapo mandhari meusi hayatakuokolea tena chaji.