Vumbi la Volkano, Mvua Yenye Asidi na Nta ya Gari

Ukitoka katikati ya Goma kwa barabara ya taifa namba 2 kuelekea Rutshuru, unapita uwanja wa ndege, unaanza kupanda taratibu, na muda si mrefu uko Kanyaruchinya. Hapo ardhi yote ni makoro, lava iliyoganda. Nyumba zimesimama juu yake, kuta za viwanja zimepangwa kwa mawe yake, na vumbi jeusi linaloinuka nyuma ya malori ni makoro hayo hayo yaliyosagwa na matairi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano Nyiragongo ulilipuka tena, lava ikaikata barabara hii na kwenda kusimama Buhene, mlangoni mwa jiji. Kuanzia 2022 eneo likajaa mahema ya watu waliokimbia vita vya Rutshuru, mpaka kambi zilipovunjwa mapema 2025.

Anayeandika habari za kupaka gari nta mahali pa namna hii ana wajibu wa kueleza kwa nini. Sababu ni kwamba hapa pikipiki ya motari anayebeba abiria, au Toyota kuukuu iliyovuka bahari ikapitia Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingi ndiyo mtaji wote wa nyumba. Bati la gari likianza kula kutu, mtaji unaliwa. Na kutu huanzia pale rangi ilipochoka.

Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Chini kuna msingi unaoshika bati, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi inayoipa bodi mng'ao. Vanishi hiyo ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele wa kichwani kwa watu wengi. Ndani yake mna kemikali zinazomeza miale ya urujuanimno kabla haijaifikia rangi. Vanishi ikiisha, rangi inabaki wazi kwa jua, na jua la Goma si la kudharau: tuko karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ubaridi wa hewa unawadanganya watu wakadhani jua ni pole.

Adui wa kwanza wa vanishi hiyo ni vumbi. Wanajiolojia hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 kwa talki hadi 10 kwa almasi. Ukucha una ugumu wa 2.5 hivi. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo kuliko lava nyingi za dunia, ndiyo maana ikiyeyuka hutiririka kwa kasi ya kutisha, lakini ikiganda haina upole wowote. Madini yake kama nefelini na leusiti yana ugumu wa 5.5 hadi 6, sawa na kioo cha dirisha au zaidi, na chembe za olivini hufika 6.5 au 7. Vanishi ya gari ni plastiki. Kwa hiyo dereva anayechukua kitambaa kikavu asubuhi na kupangusa boneti ili gari lipendeze kabla ya abiria wa kwanza anakwaruza plastiki kwa mawe. Mikwaruzo hiyo ni midogo, haionekani mmoja mmoja. Baada ya miezi, ukilitazama gari juani unaona duara la nywele nywele kuzunguka kila mahali mwanga unapopiga. Wapo wanaolowesha kitambaa kwa mazut, yaani dizeli, ili bodi ing'ae. Inang'aa kwa saa moja, kisha mafuta yale yananasa vumbi jipya, na upangusaji wa kesho unakuwa mbaya kuliko wa leo.

Adui wa pili anashuka na mvua. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi ya salfa dayoksaidi itokayo volkano duniani. Gesi hiyo ikikutana na unyevu angani hugeuka, kwa hatua, kuwa asidi ya salfuriki. Moshi wa mlima hubeba pia gesi za klorini na florini zinazoyeyuka katika matone. Wakulima wa upande unaopuliziwa moshi wanaujua ubaya wake kwa kutazama majani ya maharage. Kwa gari, madhara hayatokei mvua inaponyesha. Yanatokea jua linaporudi. Maji ya tone huondoka kama mvuke, lakini asidi ya salfuriki haipandi na mvuke: inabaki, na kadiri tone linavyopungua ndivyo asidi inavyokolea. Tone lililoanza likiwa na ukali hafifu linaishia kuwa kidoa kikali juu ya bati la moto. Asubuhi ya pili unakuta alama za mviringo zilizozama ndani ya vanishi, na sabuni haiziondoi.

Basi tuoshe gari kwa maji ya ziwa, atasema mtu. Hapo ndipo Goma inapokuwa na mtihani wake wa pekee. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yamejaa bikaboneti na magnesiamu, na pH yake inazunguka 9. Maji ya mvua yanaelekea kwenye asidi, maji ya ziwa yanaelekea upande wa pili, na yote mawili yakiachwa yakaukie kwenye bodi huacha alama: ya kwanza inachimba, ya pili inajenga madoa meupe ya chumvi. Kanyaruchinya yenyewe haina mto, kwa kuwa makoro yana matundu na nyufa na mvua yote huzama chini. Maji ya kunywa yamekuwa yakiletwa kwa malori na kupangiwa foleni ya madumu. Sioni haki kumwaga maji hayo juu ya gari. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa yanatosha kabisa kwa kazi hii, mradi gari likaushwe papo hapo kabla jua halijalikausha lenyewe.

Sasa nta. Mimea iliivumbua kabla ya kuwa na mtu yeyote wa kuipaka. Mwaga maji juu ya jani la gimbi, yanabiringika na kuanguka bila kulilowesha. Shika muwa uliokatwa sasa hivi, unga mweupe unaobaki vidoleni ni nta. Kikemia nta hizi ni minyororo mirefu ya kaboni, hasa esta: asidi ya mafuta iliyoungana na alkoholi ndefu. Maji hayashikani na minyororo ya namna hiyo, hivyo hujikusanya yenyewe kwa yenyewe na kuwa tone la mviringo lenye mguso mdogo na sehemu lilipokaa.

Nta ya nyuki ni ya kwetu. Nyuki kibarua huitoa kwenye tezi nne nne zilizo chini ya tumbo lake, na kila kilo moja ya nta huligharimu kundi kilo kadhaa za asali. Misitu ya miombo ya Tabora imeuza nta ng'ambo tangu enzi za Wajerumani. Mahali pengi pa Afrika ya Mashariki na Kati warina asali wa kienyeji hukamua asali na kuyatupa masega, hasara ambayo inaniuma kila ninapoiwaza, kwa sababu nta haiozi, inasafirishika, na soko lake lipo. Lakini kwenye bodi ya gari ina udhaifu mmoja: huyeyuka kati ya nyuzijoto 62 na 64, na huanza kulainika mapema zaidi. Boneti nyeusi iliyoegeshwa juani mchana inaweza kukaribia joto hilo. Nta iliyolainika inanata, na kitu kinachonata Kanyaruchinya huvaa vumbi jeusi kabla ya jioni.

Ndiyo maana watengenezaji wa nta za magari hutegemea karnauba. Hii ni nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende, *Copernicia prunifera*, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil, katika majimbo kama Ceará na Piauí. Kule kiangazi ni kikali, na mti huvika majani yake nta ili maji yasitoroke. Majani hukatwa, hukaushwa juani, kisha hupigwa mpaka unga udondoke. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 na ndiyo nta ya asili ngumu kuliko zote zinazouzwa kwa wingi. Ikiwa peke yake ni ngumu mno, haipakiki. Kwa hiyo kopo linalojigamba kuwa ni karnauba tupu halisemi kweli: ndani yake lazima mna kiyeyushi, mafuta, na mara nyingi nta ya nyuki ya kulainisha. Mimi ningechagua mchanganyiko huo, karnauba ikitajwa mbele na nta ya nyuki baadaye, na ningeliacha kopo lililoandikwa kwamba linasafisha na kung'arisha kwa pamoja. Hilo lina unga wa kusugua. Linafaa mara moja kwa rangi iliyopauka. Likitumiwa kila mwezi linaimaliza vanishi. Siraji ya viatu nayo mara nyingi ina karnauba, lakini ina rangi ndani yake, na gari jeupe litakushtaki.

Na vanishi ambayo nta hii huilinda ina historia ya pwani yetu isiyosemwa vya kutosha. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu wa mti *Hymenaea verrucosa* uliokaa ardhini miaka mingi, ulichimbwa katika pwani ya Mrima, ukapita Unguja, ukanunuliwa na wafanyabiashara wa Salem huko Marekani na wenzao wa Ulaya. Watengeneza vanishi ya magari ya farasi waliihesabu sandarusi ya Zanzibar kuwa miongoni mwa zilizo ngumu na bora. Magari ya kwanza ya injini yalirithi vanishi za namna hiyo, mafuta na utomvu, na kulipaka gari moja kulichukua wiki kadhaa mpaka rangi za nitroselulosi, kama Duco ya DuPont ya 1923, zilipoleta ukaukaji wa haraka. Hata hivyo, vanishi zile za kale zilikuwa laini kuliko za leo, na bila nta zilikufa upesi.

Vanishi za leo ni sugu zaidi, kwa hiyo ni haki kuuliza nta inaongeza nini. Jibu langu ni la kiasi. Tabaka la nta lililokwisha kusuguliwa ni jembamba mno, pungufu ya mikroni moja. Halizuii urujuanimno kwa kiwango cha maana, halizuii jiwe, na halilindi dhidi ya asidi iliyoachwa siku tatu. Linachofanya ni kuliwa kwanza. Asidi dhaifu huzichukua esta zile polepole sana, hivyo nta huinunulia vanishi muda wa saa kadhaa, muda wa kutosha kuliosha gari. Pia huteleza: chembe ya makoro iliyotua juu ya nta huondoka kwa maji machache na bila kusuguliwa, na pale ambapo maji ni ya kuhesabu kwa dumu, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko mng'ao wote.

Kwa sababu hiyo uoshaji ni nusu ya kazi, au zaidi. Mimina maji kwanza kuanzia paa kwenda chini, bila kugusa, mpaka mchanga mweusi uache kutiririka. Ndipo uingize sifongo, nayo ioshwe katika ndoo ya pili kila inapotoka kwenye bodi, ili mchanga usirudi. Sabuni ya unga ya kufulia iepukwe: ina alkali, nayo huibomoa nta pamoja na uchafu. Ikiwa mlima umemwaga jivu au zile nyuzi nyembamba za kioo cha volkano, usipangushe hata kidogo, mimina tu. Kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba au fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa vizuri na ambayo haijaanguka chini.

Nta ipakwe kivulini, bati likiwa baridi mkononi. Chukua kidogo, tandaza nyembamba sana, mlango mmoja au kipande kimoja cha boneti kwa wakati. Nta nene hailindi zaidi, inakuchosha tu mikono. Kiyeyushi kikiondoka, uso unafifia kama umepigwa na ukungu. Gusa kwa kidole, kikiteleza bila kuacha mchirizi wa mafuta, futa kwa kitambaa safi. Tabaka la pili lina maana ukisubiri saa kadhaa, kwa kuwa linajaza sehemu ulizoruka mara ya kwanza. Tangi la pikipiki hupakwa vivyo hivyo, hasa kingo zake za chini ambako goti halifiki na kutu hupenda kuanzia.

Nta ya nyuki iliyobaki ina kazi pia. Ikiyeyushwa ndani ya chungu kilichowekwa katika maji ya moto, ikaondolewa motoni kabisa ndipo ikachanganywa na tapentaini, mbali na jiko lolote kwa sababu mvuke wake unawaka, hutoa marhamu laini inayofaa bawaba za milango na mikunjo ya ndani ya bati, mahali ambapo jua halifiki kuilainisha.

Kujua kama nta imekwisha hakuhitaji mashine: nyunyiza maji. Yakikusanyika matone, bado ipo. Yakitandaa kama kwenye sahani iliyooshwa, paka tena. Kiangazi kirefu cha Goma ni Juni hadi Agosti, vumbi likiwa katika kilele chake, na mvua hurudi Septemba. Mwenye uwezo wa kupaka mara mbili tu kwa mwaka apake mwanzoni mwa Juni na mwishoni mwa Agosti.