Wafaransa, Bajeti na Waziri Mkuu wa Usiku Mmoja

Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025 niliingia darasani jijini Paris kuwafundisha wanafunzi wangu wa Kiswahili tofauti ya nyakati. Niliandika ubaoni sentensi niliyoiokota katika habari za usiku uliotangulia: "Waziri Mkuu ameteua mawaziri." Nilikuwa bado naeleza kazi ya kiambishi -me- wakati mwanafunzi mmoja alipoinua simu yake na kusema, kwa Kiswahili safi kilichonifurahisha kuliko habari yenyewe, "Mwalimu, amejiuzulu." Baraza la Sébastien Lecornu lilikuwa limeishi usiku mmoja. Siku nne baadaye Rais Emmanuel Macron alimteua bwana huyo huyo, nasi tukapata fursa ya kujifunza matumizi ya neno "tena".

Mkenya anayeishi ugenini hana budi kuyatazama mambo haya kwa jicho la abiria wa matatu ambayo dereva ni yule yule lakini makanga hubadilishwa kila kituo. Kati ya Januari 2024 na Oktoba 2025 nchi hii ilikuwa na mawaziri wakuu watano: Élisabeth Borne, Gabriel Attal, Michel Barnier, François Bayrou na huyu Lecornu. Barnier aling'olewa na Bunge tarehe 4 Desemba 2024, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1962. Bayrou aliomba kura ya imani mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, akaipoteza tarehe 8 Septemba 2025 kwa kura 364 dhidi ya 194. Kwetu mwanasiasa haombi kura kabla ya kuzihesabu.

Chanzo cha msukosuko huu ni uamuzi wa Rais Macron wa kulivunja Bunge tarehe 9 Juni 2024. Wapigakura walimrudishia Bunge la wabunge 577 lililogawanyika pande tatu, na hakuna upande uliofikia nusu. Hapa ndipo mwanaisimu anapocheka kidogo. Maneno tunayoyatumia duniani kote, mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia, yalizaliwa Ufaransa mwaka 1789 kutokana na jinsi wajumbe wa Bunge la mapinduzi walivyoketi. Watu waliowafundisha walimwengu kwamba siasa ina mikono miwili sasa wamejikuta na mkono wa tatu, na hawajui waufanyie nini.

Lakini msomaji asidhani kwamba mawaziri wakuu hawa waliangushwa na fitina tupu. Barnier na Bayrou walianguka kwa ajili ya kitu kimoja, nacho ni bajeti. Neno lenyewe lina safari ndefu. Wafaransa wa kale walikuwa na kifuko cha ngozi walichokiita bougette. Waingereza wakakichukua, wakakipa waziri wao wa fedha, wakalipinda jina. Kisha Wafaransa wakalichukua neno lao likiwa limevaa nguo za Kiingereza. Sisi nasi tukaletewa "bajeti". Kifuko kimezunguka dunia, na kiliporudi Paris kilikuwa kimetoboka: mwaka wa mwisho ambao serikali ya Ufaransa haikutumia zaidi ya ilichokusanya ni 1974. Ilipofika katikati ya mwaka 2025 deni la taifa lilikuwa limepita trilioni 3.3 za euro, yaani zaidi ya asilimia 110 ya pato la taifa la mwaka mzima.

Zipo njia mbili za kuziba tundu, kutoza zaidi au kutumia kidogo, na Mfaransa anazipinga zote mbili kwa ufasaha ule ule. Akipinga, hugoma. Kwa Kiswahili "kugoma" ni kukataa kusogea. Hata punda hugoma. Neno la Kifaransa la mgomo, grève, kwa asili ni ufuo wa mchanga na changarawe. Palikuwa na uwanja wa jina hilo kando ya Mto Seine, mbele ya jumba la jiji la Paris, ambapo watu wasio na kazi walisimama wakisubiri kuajiriwa. Nadhani tofauti hiyo ina maana. Mgomo wetu ni tendo la kukata tamaa. Mgomo wao ni mahali, watu huenda huko na kukutana na marafiki. Sheria ya mwaka 1963 inawataka watumishi wa umma watoe ilani siku tano kabla ya kugoma, kwa hiyo mwananchi huupanga wiki yake akijua siku ambayo treni haitakuja. Katika maandamano huchomwa soseji, na harufu yake humwongoza mgeni aliyepotea njia.

Baada ya soseji huja hesabu. Tarehe 7 Machi 2023, watu walipoandamana kupinga umri wa kustaafu kupandishwa kutoka miaka 62 hadi 64, Wizara ya Mambo ya Ndani iliwahesabu waandamanaji milioni 1.28 nchini kote, ilhali chama cha wafanyakazi cha CGT kilihesabu milioni 3.5. Hakuna aliyeona haya. Serikali ya Bi Borne iliipitisha sheria hiyo bila kura, kwa kutumia Ibara ya 49, fungu la tatu, ya Katiba ya mwaka 1958, ambayo humruhusu Waziri Mkuu kuupitisha mswada isipokuwa Bunge limng'oe. Wafaransa huiita kwa namba tu, "arobaini na tisa tatu", jinsi watu wanavyotaja aina ya bunduki. Oktoba 2025 Lecornu aliahidi kuisimamisha sheria ile ile ili asiangushwe.

Kichekesho kilichonipendeza zaidi, hata hivyo, ni kile cha madaraja. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, Mfaransa hapendi kuiacha Ijumaa ikiwa pweke. Huipumzikia nayo, na kitendo hicho huitwa kujenga daraja. Mwezi wa Mei una madaraja kuliko mto wowote niujuao. Basi tarehe 15 Julai 2025 Bayrou alipendekeza kuzifuta sikukuu mbili, Jumatatu ya Pasaka na tarehe 8 Mei, ili watu wazalishe zaidi na deni lipungue. Ungedhani ametukana mama wa mtu. Niliwasikia watu ambao hawajaingia kanisani tangu kubatizwa, raia wa jamhuri iliyotenga dini na dola tangu mwaka 1905, wakiitetea Pasaka kwa bidii ambayo askofu angeionea wivu. Lecornu alipoingia, miongoni mwa mambo yake ya kwanza yalikuwa kulitupa pendekezo hilo.

Na hapa kicheko changu hupungua. Mwaka 2003 wimbi la joto liliua watu wapatao 15,000 nchini humu, wengi wao wazee waliokuwa peke yao nyumbani. Mwaka uliofuata serikali iliamua kwamba Jumatatu ya Pentekoste watu wafanye kazi bila malipo, na mwajiri atoe mchango wa kuwatunza wazee na walemavu. Wengi bado hupumzika siku hiyo kwa mbinu moja au nyingine, lakini mchango hutolewa. Kelele zote hizi zina kitu chini yake. Bima ya jamii ilianzishwa hapa mwaka 1945, nchi ikiwa magofu. Mimi mgeni, nikiugua, humlipa daktari euro 30, naye hupitisha kadi yangu ya kijani katika mashine yake. Baada ya siku chache sehemu kubwa ya fedha hizo hurudi katika akaunti yangu. Karatasi yangu ya mshahara ina mistari mingi ya makato kuliko shairi la utenzi, lakini kila mstari una mahali unapokwenda, na nimepaona.

Juni ile ile ya mwaka 2024, vijana wa Nairobi waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Wenzangu wa Paris waliniuliza kama Wakenya nao wanapinga kodi. Niliwajibu kwamba Mfaransa hupiga kelele kwa kuwa anaogopa kunyang'anywa alichopewa, ilhali kijana wa kwetu aliuliza kiko wapi alichokwisha kulipia. Hawakunielewa mara moja, nami sikuwalaumu.

Je, nani atalilipa deni hili? Wanafunzi wangu, ambao wana miaka ishirini, wanajua kwamba ni wao, na ndiyo sababu hawacheki sana. Mmoja aliniuliza swali zuri la sarufi. Tunaposema "Ufaransa inadaiwa", alisema, kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Mtendaji ni nani? Nilimwambia kwamba zaidi ya nusu ya hati za deni la serikali zimo mikononi mwa wageni. Sehemu nyingine wanazo benki na kampuni za bima za hapa hapa, ambako Wafaransa wa kawaida huweka akiba yao ya uzeeni.

Jioni nilimpelekea habari hiyo jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mstaafu wa posta, aliyeandamana mara sita mwaka 2023 kutetea pensheni ambayo yeye alikuwa ameshaipata. Nilimweleza kwamba kwa kuwa ana akiba katika bima, yeye ni mmoja wa wanaoidai serikali, na kwamba alipokuwa akiizomea barabarani alikuwa pia akiikopesha. Alifikiri kwa muda. "Bwana Mwalimu," akasema, "kama mimi ndiye ninayeidai, basi nina haki zaidi ya kuizomea." Kisha akaniuliza kama nimeshaitazama kalenda ya Mei, maana mwaka huo alikuwa akitarajia madaraja mazuri.